Namna ya kufuatilia mbio za matanga za kuzunguka dunia ukiwa hapa hapa Visiwani

Kila baada ya miaka minne kuna watu wanaingia kwenye chombo cha matanga, mtu mmoja chombo kimoja, wanaondoka Ufaransa wanazunguka dunia nzima bila kusimama popote na bila kusaidiwa na mtu, wanarudi pale pale walipoondokea. Na sisi watu wa Unguja na Pemba, ambao wazee wetu walikuwa wakienda Muscat na Bombay kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, ndio tulotakiwa tuwe wa mwanzo kuyajua mambo haya, lakini ukipita mtaani stori ni Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku. Mpira mzuri na mie naupenda, ila huu mchezo nao ni wetu kuliko tunavyodhani, na unafuatilika kwa simu ya kawaida na bando la kawaida. Kwa hio naandika hapa hatua kwa hatua, kwa mtu ambae hajawahi kabisa.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndio litakalorudi kila mahali huku chini: tazama upepo kabla hujatazama nani wa kwanza nani wa pili. Mtu anaeangalia msimamo tu anachoka wiki ya pili, anaona namba hazibadiliki au zinabadilika bila sababu, anafunga simu. Anaeangalia upepo anajua kesho kutatokea nini, na akishajua hivo hawezi kulala bila kuchungulia.

1. Chagua mbio zako

Ziko nyingi lakini kubwa ni hizi. Vendée Globe ndio hio nilioanza nayo, ya mtu peke yake bila kusimama. Ilianza 1989, inaondoka Les Sables-d'Olonne, mji wa pwani ya magharibi ya Ufaransa. Iliopita iliondoka tarehe 10 Novemba 2024 na vyombo 40, akashinda Charlie Dalin kwa siku 64 na masaa 19. Rikodi ya kabla yake ilikuwa siku 74 ya Armel Le Cléac'h wa 2016–17, yani jamaa kaikata kwa zaidi ya siku tisa! Inayofuata ni 2028. Vyombo vyao vinaitwa IMOCA, urefu futi 60, na vingi siku hizi vina mbawa pembeni wanaziita foili, kasi ikipanda zinakinyanyua chombo kikawa kinaruka juu ya maji.

Golden Globe ni kinyume chake kabisa. Vyombo vidogo vya futi 32 mpaka 36, vya muundo wa zamani, na hawaruhusiwi kutumia GPS kutafuta njia, wanapima jua na nyota kwa sekstanti na kuchora kwenye ramani za karatasi. Ya mwanzo kabisa ilikuwa 1968–69, na katika wote walioingia alimaliza mmoja tu, Muingereza Robin Knox-Johnston, siku 312, na chombo chake Suhaili kilijengwa Bombay kwa mbao za msaji. Ya 2022–23 kashinda mwanamke wa Afrika Kusini, Kirsten Neuschäfer, mwanamke wa mwanzo kushinda mbio za kuzunguka dunia peke yake. Ya safari nyengine imepangiwa Septemba 2026. Kama una mzee nyumbani aliewahi kuwa baharia, muanzishie hii, ataielewa siku ya kwanza.

The Ocean Race ni ya timu na ina vituo, wanakimbia kutoka mji hadi mji. Ilianza 1973 kwa jina la Whitbread alafu ikawa Volvo, sasa ndio jina hilo. Ya mwanzo wa 2023 iliondoka Alicante, Hispania, na ijayo imepangwa kuondokea hapo hapo Januari 2027. Clipper nayo ipo, ile ni ya watu wa kawaida wanaolipa wenyewe kwenda kufunzwa na kusafiri, vyombo vyote vinafanana.

Ushauri wangu: anza na Vendée Globe ikiwa inaendelea, kwa sababu ramani yake nzuri na taarifa zake nyingi. Ikiwa haipo, jizoeshe na mbio fupi kama Route du Rhum, kutoka Saint-Malo Ufaransa hadi Guadeloupe kule Karibi, ijayo ni Novemba 2026. Wa mbele wanamaliza ndani ya wiki moja mbili hivi kwa hio unajifunza kusoma ramani bila kufunga miezi mitatu ya maisha yako.

2. Weka saa sawa

Hapa wengi wanakosea wanakuta mbio zishaondoka. Taarifa nyingi za baharini zinaandikwa kwa saa ya UTC, ile saa moja inayotumika dunia nzima, na njia rahisi kwetu sisi ni hii: chukua saa ya UTC, toa tatu, hio ndio saa yetu ya Kiswahili. Saa 12 UTC toa tatu ni saa tisa, alasiri. Saa 8 UTC ni saa tano asubuhi. Saa 4 UTC ni saa moja asubuhi. Ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili nyengine, saa 20 UTC toa tatu ni kumi na saba, toa kumi na mbili, saa tano usiku. Basi.

Ikiwa wameandika saa ya Ufaransa, wakati wa baridi yao toa nne, wakati wa joto toa tano. Vendée inaondoka saa 13:02 ya kwao mwezi wa Novemba, kwetu inakuwa saa tisa na dakika mbili alasiri, umeshasali Adhuhuri umekula na Alasiri bado, umekaa zako.

3. Fungua ramani usome vitu vinne tu

Kila mbio ina ramani yake kwenye tovuti rasmi na ni bure. Utaona vichombo vya rangi rangi na mistari nyuma yake. Kwa kawaida hazisogei kila dakika, zinasubiri masaa kadhaa ndio zinabadilika, kwa hio usikae ukaisubiri kama matokeo ya mpira. Ukibonyeza chombo kimoja itakuja orodha refu ya namba, wewe soma nne: kasi yake, anaelekea wapi, umbali uliobaki, na kasi ya wastani ya masaa 24. Nyengine utazijua mbele ya safari.

Kasi inaandikwa kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85. Chombo cha IMOCA kikiwa na upepo mzuri noti 20 ni jambo la kawaida, hizo ni kilomita 37 kwa saa, mfululizo, usiku na mchana, na mtu peke yake ndani anaelala vipande vipande. Mwezi wa Mei 2023 kwenye The Ocean Race chombo cha Malizia kilikwenda zaidi ya maili 640 kwa masaa 24. Kutoka Unguja hadi Mombasa hakifiki hata robo ya hizo.

Sasa msimamo. Wanaupanga kwa umbali uliobaki mpaka mwisho, ukipimwa kwenye njia fupi ilochorwa kwenye karatasi. Njia ya karatasi ya Vendée ni maili 24,300 hivi, lakini hakuna anaekwenda ile njia, kwa sababu upepo hauko kwenye ile njia. Ndio maana wiki za mwanzo unaweza kumkuta mtu wa kwanza kwenye orodha ambae amekwisha, yuko karibu zaidi kwa rula lakini anaelekea kwenye shwari, na yule wa kumi kaenda pembeni kabisa kufata upepo na baada ya siku nne ndie atakaekuwa mbele. Kwa hio mpaka wavuke ikweta na kuanza kukata kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, ule msimamo usome kwa heshima lakini usiuamini.

Na jifunze kuvuta ramani karibu. Nalisema hili kwa sababu liliwahi kuvunja chombo, na lilitokea bahari yetu hii hii ya Hindi. Tarehe 29 Novemba 2014 timu ya Vestas ilikuwa kwenye Volvo Ocean Race kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, usiku wakapanda juu ya mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius. Walikuwa na ramani ya kompyuta ya kisasa kabisa, lakini ukiwa hujaivuta karibu ule mwamba haukuonekana vizuri. Watu wote tisa walitoka salama alhamdulillahi, chombo kikabaki juu ya matumbawe. Mtu yeyote wa Pemba anaejua kupita milango ya kwetu usiku anajua mwamba hauna taa.

Kitu chengine kwenye ramani: ukiona chombo kimeshuka ghafla kutoka noti 18 hadi noti 4, usikimbilie kuandika kwenye grupu kwamba kavunjika mlingoti. Tazama majirani zake kwanza. Wote wameshuka? Ni shwari. Yeye peke yake? Hapo ndio uanze kuwa na wasiwasi na uende kwenye ukurasa wa taarifa.

4. Jifunze upepo, hapa ndio penyewe

Weka Windy kwenye simu, programu ya kuonesha upepo, ni bure, ifungue pamoja na ramani ya mbio. Ramani nyengine za mbio zina kitufe cha kuonesha upepo juu yake, kitafute ukiwashe na usikizime tena.

Unaanza hivi. Kule kusini mwa ikweta upepo wa mgandamizo mdogo, yani pale hewa ilipo nyepesi, unazunguka upande ule ule zinaozunguka gari kwenye kipilefti chetu, kufata mishale ya saa. Wa mgandamizo mkubwa, pale hewa ilipo nzito, unazunguka kinyume chake. Kaskazini ya ikweta yote hayo yanageuka. Ukishalikamata hili tu, ramani ilokuwa inaonekana rangi rangi inaanza kusema.

Vyombo vinatoka Ufaransa vinashuka Atlantiki, mwanzo pepo za baridi za kule juu, mara nyengine kali sana na siku za mwanzo ndio vyombo vingi vinaumia, alafu wanazikuta pepo za kaskazini mashariki ambazo ni ndugu na kaskazi yetu, zinawasukuma vizuri mpaka karibu na ikweta. Hapo kuna mkanda wa shwari na mvua za ghafla, Wafaransa wanauita pot-au-noir. Sisi tunajua maleleji, ule wakati wa katikati ya kaskazi na kusi ambao upepo hauna adabu, unavuma huku unakufa unarudi kutoka kwengine. Pale ni maleleji mwaka mzima. Mkanda huo haulingani upana, mara nyingi upande wa magharibi ni mwembamba kuliko upande wa Afrika, ndio maana utawaona wanasogea kutafuta pa kupenyea. Anaekosea hapo anapoteza siku nzima.

Wakishapita wanakutana na mgandamizo mkubwa wa St. Helena, umekaa katikati ya Atlantiki ya kusini na ndani yake hakuna upepo. Kwa rula njia fupi ni kukata moja kwa moja kuelekea Cape Town. Hawakati. Wanashuka upande wa Brazil wanauzunguka kwa nje ndio wanageuka mashariki. Wale wanaofuatilia utabiri wa masika na vuli watakuwa washaisikia hio St. Helena na mwenzake Mascarene, kwa sababu watabiri wetu wanazitaja. Hio Mascarene iko kusini kwenye Bahari ya Hindi, inazunguka kinyume cha saa, upande wake wa kaskazini unatoa upepo unaokuja kwetu tukauita kusi. Upande wake wa kusini unatoa pepo za magharibi zinazobeba vyombo hivi kwenda Australia. Yani kusi linalowapeleka wavuvi wetu na upepo unaomsukuma Mfaransa kule chini vyote vinatoka kwenye gurudumu moja, na mie hili siku nilolielewa nilikaa na ramani mpaka simu ikazima.

Nimuweke hapa ami yangu kidogo. Alikuwa nahodha wa jahazi, Pemba, Tanga, Mombasa, hajui Kifaransa wala habari za foili. Nilimuonesha vyombo viwili kwenye Atlantiki, wa mbele alikuwa upande wa Afrika, wa nyuma yuko mbali magharibi. Hakuuliza nani anaongoza. Alivaa miwani, akaangalia ile mishale ya upepo kwa kidole, kimya, alafu akasema, "Mwanangu, huyu wa mbele keshakufa upepo. Huyu wa huku ndie mwenye pepo, muache aje." Baada ya siku mbili yule wa nyuma kapita. Sasa hivi akiniona tu, salamu bado hazijesha anauliza, "Wako wapi leo?" Kwa hio kama una mzee wa bahari nyumbani huna haja ya mchambuzi wa Youtube.

Wakifika kusini kabisa ndio kwenye kazi. Njia inapita rasi tatu, zote unaziacha mkono wa kushoto: Tumaini Jema, Leeuwin ya Australia, na Horn ya Chile. Unguja iko digrii 6 kusini ya ikweta, wao wanapita kwenye digrii 40 mpaka 50 na kitu. Digrii moja ni maili 60. Yani wanapita bahari yetu hii hii, lakini chini yetu kwa maili zaidi ya 2,000. Ili ujue ukali wake: sisi tunapewa tahadhari upepo ukifika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili, na ile tahadhari ni ya kweli, boti zinazuiwa na wavuvi wanakaa. Kilomita 40 ni noti 22 hivi. Kule noti 30 na 35 ni siku ya kazi, na mawimbi ya mita tano, sita, nane.

Cha kuangalia huko ni hiki: migandamizo midogo inatembea kutoka magharibi kwenda mashariki mmoja baada ya mwengine, na nahodha anajaribu kukaa upande wake wa kaskazini, mbele ya ncha yake, aende nao. Akiwa karibu na kitovu sana anavunjika, akiwa mbali sana anaachwa. Mbele ya ule mfumo upepo ni wa kaskazini magharibi, ukishampita unageuka kusini magharibi na bahari inachafuka kwa sababu mawimbi ya zamani na mapya yanagongana. Kama ana kasi ya kutosha haumpiti kabisa, anapanda nao siku kadhaa. Mwenzake aliekuwa nyuma maili 100 tu anaukosa, anabaki kwenye shwari, na baada ya siku nne tafauti ni maili 800. Ukitazama msimamo tu utasema yule wa nyuma mvivu.

Utaona pia mstari umechorwa kuzunguka Antaktika, mara nyingi mwekundu. Ule ni mpaka wa barafu, hairuhusiwi kuuvuka, na wanaupanga kwa picha za setilaiti kuona vipande vya barafu vilipo. Wakati mwengine wanaubadilisha mbio zikiwa zinaendelea.

5. Chagua mtu wako, na asiwe wa mbele peke yake

Mie nashauri watu wawili, mmoja anaewania ushindi na mmoja wa katikati au nyuma. Wa nyuma ndie utakaejifunza kwake zaidi. Hana pesa za wa mbele, chombo chake pengine cha zamani kisicho na foili, kinabisha polepole, na anatengeneza kila kitu mwenyewe. Mwaka 2024–25 alikuwepo Violette Dorange, miaka 23, mdogo kuliko wote walowahi kuingia, chombo cha zamani, na akamaliza. Alikuwepo Jingkun Xu wa China ambae ana mkono mmoja, nae akamaliza. Kabla yao Damien Seguin, kazaliwa bila kiganja cha kushoto, kafika wa saba 2020–21. Fikiria kukunja tanga kwenye upepo wa noti 35 kwa mkono mmoja.

Ukishachagua, mfuate huyo hasa. Soma ujumbe wake, tazama video zake, jua amelala vipi.

6. Jua sheria ya uokoaji kabla haijatokea

Kwenye mbio hizi mtu akipata ajali, ofisi ya mbio inawaomba walio karibu wageuke wakamuokoe, na muda walopoteza wanarejeshewa mwisho. Usipoijua hii utachanganyikiwa siku ya kumaliza, kama walivyochanganyikiwa wengi 2021.

Ilikuwa hivi. Tarehe 30 Novemba 2020 chombo cha Kevin Escoffier kilizama pua kwenye wimbi, kusini magharibi ya Cape Town, kikakunjika kati. Hakupata mda ila kutuma ujumbe na kuvaa suti ya kuokolea, akaingia kwenye boya la mpira. Vyombo vinne viligeuzwa. Wa mwanzo kufika alikuwa Jean Le Cam, mzee mzima zaidi ya miaka 60. Akamuona, wakasemezana, alafu akampoteza kwenye mawimbi. Usiku ukaingia. Le Cam anakwenda anarudi gizani kwa tanga dogo, akija kuona kitaa kinachezacheza ndio boya lenyewe, akamuokoa. Escoffier alikaa zaidi ya masaa 11 kwenye lile boya.

Sasa mwisho wa mbio: aliekata mstari wa kwanza ni Charlie Dalin. Lakini Yannick Bestaven, ambae alikuwa mmoja wa wale walokwenda kutafuta, alirejeshewa masaa 10 na robo, akafika wa tatu majini na akawa ndie bingwa, kwa masaa mawili na nusu hivi. Le Cam alirejeshewa masaa 16 na robo na kamaliza wa nne. Na Dalin alingoja miaka minne akarudi akashinda kwa rikodi.

Kirsten Neuschäfer nae vile vile, Novemba 2022, chombo cha Tapio Lehtinen wa Finland kilizama kwa dakika chache kusini mashariki ya Afrika Kusini, yeye akageuka akaendesha kwa mkono usiku kucha kumfata, akampandisha, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea na safari yake mpaka ushindi. Kwa hio ukiona mtu wako kageuza omo kurudi nyuma bila sababu ya upepo, tazama nani yuko upande ule.

7. Peleka maskani

Peke yako utachoka. Maskani nyingi hapa Unguja zina ubao na chaki, habari zote zinaandikwa pale. Omba kona moja ya ubao. Usiandike majina 40, andika matano: wa kwanza, wa pili, mtu wako, mtu wa mwenzako, wa mwisho. Pembeni umbali uliobaki, na mshale mmoja wa upepo. Badilisha mara moja kwa siku, baada ya Magharibi watu wakija kunywa kahawa. Siku za mwanzo watauliza hizi namba za bahati nasibu au nini, waeleze taratibu. Wiki ya pili utakuta mtu kafuta msimamo wako kaandika wake na anadai wako umeshapitwa, hapo jua umeshapata wenzio.

Mgawane kazi. Mmoja anajua Kifaransa cha skuli asome taarifa, mmoja anashika Windy, mzee mmoja wa bahari atoe hukumu.

8. Cheza mwenyewe

Kuna gemu inaitwa Virtual Regatta, unapewa chombo chako unaingia kwenye mbio zile zile na upepo wa kweli wa siku ile. Vendée ya 2020–21 walijiandikisha zaidi ya watu milioni. Bure inachezeka, vitu vya kulipia achana navyo mwanzo. Faida yake moja kubwa: ukiweka chombo chako kwenye shwari kwa kupenda njia ya mkato, hutasahau tena.

9. Bando na lugha

Ramani na maandishi havili bando, video ndio zinakula. Video zitazame usiku kwa bando la usiku au teremsha ubora. Siku ya kuondoka na siku ya kumaliza tu ndio uweke bando la maana. Pawabenki iwe imejaa, umeme hauna miadi.

Kifaransa kisikutishe, broza inatafsiri ukurasa mzima, na maneno yenyewe ni machache yanajirudia. Ukiona "abandon" mtu kajitoa. Ukiona "démâtage" mlingoti umevunjika. "Classement" ni msimamo.

10. Usiondoke mshindi akifika

Hapa ndio watu wengi wanaacha, na mie inaniuma, kwa sababu mshindi akiwa anakula chakula cha moto kule Ufaransa kuna watu bado hawajaipita hata Rasi ya Horn. Dalin alifika 14 Januari 2025. Mbeligiji Denis Van Weynbergh alifika mwezi wa Machi, mstari ulikuwa ushafungwa, hakuingizwa kwenye msimamo, na alimaliza dunia yake vile vile peke yake. Ubao wa maskani uachie jina la wa mwisho mpaka aguse bandari.

Na kufika kwenyewe kuna hesabu yake. Mstari wa kumaliza uko baharini nje ya Les Sables-d'Olonne, alafu ndio chombo kinaingia mjini kwa mfereji mwembamba, watu wamejaa pande zote mbili, na hio ndio picha unayoitaka. Lakini mkuku wa chombo kile unakwenda chini mita nne na nusu, maji yakiwa yamekupwa hakipiti, kinasubiri nje mpaka yajae. Sasa sisi wa bamvua na maji mafu hatuna haja ya kufundishwa hilo. Mtu wako akibakiwa na maili 200, tafuta jadweli ya maji ya Les Sables-d'Olonne, angalia yanajaa saa ngapi, geuza saa kama hatua ya pili, alafu waambie wenzio wa maskani waje saa ngapi.